Tovuti ya Jumapili, Namba Tano

Martina alituma tovuti yake ya tano Jumapili baada ya misa, na kufikia Jumatano mama yake na mama yake mdogo, watoto wa tumbo moja, walikuwa hawasalimiani.

Wala hakuituma kwa ubaya. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amehitimu shahada ya ukutubi mwaka uliopita, kazi hajapata, na alikuwa amerudi nyumbani Mgeta na begi la nguo, simu yenye kioo kilichopasuka na daftari la jalada la kijani. Humo daftarini aliandika tovuti alizozipenda tangu mwaka wa kwanza wa chuo, kila moja na sababu yake. Aliamini, kama wengine wanavyoamini dawa, kwamba mtu akionyeshwa mahali pa kulijua jambo atakuwa mwema kuliko alivyokuwa jana. Basi kila Jumapili alipanda hadi kigongoni, juu kwenye mgongo wa mlima, mtandao unakoshika vizuri, akatuma tovuti moja kwenye kundi la ukoo lililoitwa Uzao wa Bibi, na chini yake mistari michache ya kueleza kwa nini inafaa kutembelewa.

Ya kwanza ilikuwa ya sauti za ndege. Aliandika kwamba watu wa dunia nzima huwarekodi ndege wa kwao na kuwaweka humo, kwamba kuna mtu alikaa kwenye baridi ya msitu tangu alfajiri akingoja dakika moja tu ya wimbo, na kwamba ni vizuri kujua kuna anayezithamini kelele zinazotuamsha. Mjomba Tomasi, kaka wa mama yake na mkubwa wa ukoo, alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mpwa wangu, hao ndege wananilia dirishani kila siku, wala hawali bando."

Ya pili ilikuwa ya picha za zamani za milima na miji ya Afrika. Mama mdogo Winfrida aliuliza kama hao waliopiga picha waliomba ruhusa. Ya tatu ilikuwa ya picha za majani yenye magonjwa; mama yake, Paskalia, aliitazama, akaenda shambani, akang'oa mashina manne ya viazi na kuyachoma. Hakusema asante, lakini Martina alitembea na moshi ule moyoni wiki nzima kama mtu aliyepewa zawadi. Ya nne ilikuwa ya watu wanaojitolea kusoma vitabu kwa sauti ili vipofu na wasiojua kusoma wavisikie. "Wanasoma bure?" aliandika Elia. "Kumbe wasio na kazi mko wengi." Elia alikuwa mtoto wa mama mdogo Winfrida, fundi wa kiwanda kidogo cha matofali kule Kihonda, na ndiye aliyelianzisha kundi.

Ya tano ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliandika:

"Tovuti ya Jumapili, namba tano. Hii ni ramani iliyotengenezwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Mtaliona bati la nyumba yenu, mtauona mto, mtaziona ngazi za mashamba kama mistari ya kiganja. Kuna alama ya rula pembeni. Gusa kona moja ya shamba, halafu ya pili, mpaka urudi ulikoanzia, nayo itakuambia ukubwa wake. Kwa nini uitembelee? Kwa sababu haimjui mtu na haimpendelei mtu. Mimi nikiitazama nahisi kwamba haki inawezekana."

Jumatatu mchana Elia alirudisha picha. Juu ya mlima wao alikuwa amechora maumbo mawili, moja jekundu na moja la bluu. Chini aliandika: "Shamba la mama mkubwa Paskalia: ekari moja. Shamba la mama yangu: robo tatu ya ekari na ushei. Marehemu bibi aligawa sawa kwa sawa, mjomba shahidi. Nauliza kwa heshima. Nani aliyahamisha masale?"

Hakuna aliyeweka kikatuni cha kucheka.

Kwa Waluguru shamba la ukoo hufuata tumbo la mama. Dada hulima, kaka husimamia. Bibi yake Martina alikuwa na shamba moja lililoanzia juu kabisa penye mwinuko mkali na kuteremka hadi bondeni kando ya kijito. Miaka kumi na tisa iliyopita aliligawa kwa binti zake wawili. Winfrida, mdogo, alipata la juu. Paskalia alipata la chini, lililo karibu tambarare. Kati yao bibi alipanda masale, mimea ile ya majani marefu ambayo ikishasimama mpakani haing'olewi na mtu mwenye akili timamu. Anayeyahamisha masale anaitwa mwizi, na jina hilo humfuata hadi kwa wajukuu.

Jumanne Elia alimpigia mjomba. Mjomba akasema wakutane Jumamosi. Ikiwa yaliyo kwenye picha ni kweli, basi masale yatang'olewa na kushushwa ngazi tatu. Ngazi hizo tatu, ambazo mfereji wa kijito huzifikia kwanza, ndizo zilizompa Paskalia njegere na karoti wakati wa kiangazi, mboga inapokauka kwa wengine wote. Bila hizo, kuanzia Agosti hadi mvua za vuli angekuwa na udongo wa kutazama tu.

Asubuhi ya Jumatano Martina alimkuta mama yake jikoni anamenya njegere.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Njegere zilidondoka siniani moja moja. Katika maisha yake yote Martina hakuwahi kuitoa shikamoo ikabaki hewani namna ile; alijikuta ameinama bado, hajui ajiinue vipi.

"Mama, mimi sikupima. Ni Elia."

"Wewe ulimshikia mwizi ngazi ukakaa pembeni unamwombea asianguke." Mama alizungumza bila kuinua uso. "Nilipokupeleka chuo nilijua utarudi na macho mawili kama ulivyoondoka. Umerudi na la tatu, ukaenda kulitundika juu ya shamba langu."

"Hiyo picha siielewi. Najua hukuhamisha kitu."

"Unajua? Si umeandika mwenyewe haimpendelei mtu? Dunia nzima imesoma."

"Ni ukoo tu, mama."

"Hiyo ndiyo dunia nzima." Mama akanyanyuka na sinia. "Kesho utajipikia."

Mchana huohuo Martina alishuka barabarani, kwenye kituo ambapo lori la Dar es Salaam hupakia kabichi. Alitaka kumwona mama yake mdogo, amsihi angoje. Winfrida alikuwa amesimama kati ya wanawake wenzake, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Alipomwona Martina alifungua mikono, na ilikuwa vibaya kuliko kutukanwa.

"Huyu ndiye mtoto!" alisema kwa sauti. "Ametoka tumbo la mwongo akasema kweli. Njoo, mwanangu. Toa simu. Wasomee ulichoandika."

"Mama mdogo, shikamoo. Nilikuja tuongee wawili."

"Marahaba. Wawili kwani tunaiba? Soma."

Wanawake waliacha kufunga matenga. Martina alisoma, kwa sababu hakujua namna ya kukataa mbele za watu wazima. Alipofika kwenye haimjui mtu na haimpendelei mtu, alisoma haraka ili ayapite.

"Rudia hapo," Winfrida alisema.

Akarudia.

"Mmesikia? Binti yake wa kumzaa. Mwenye shahada." Mwanamke mmoja alicheka, mwingine akaguna. Winfrida akamshika Martina kidevu, kwa upole ambao haukuwa upole. "Jumamosi utasema hivyohivyo mbele ya mjomba wako. Ukibadilisha neno moja nitajua wewe ni damu ya mama yako."

Usiku ule hakulala sana, na Alhamisi kulipokucha alichukua kamba ya katani iliyokuwa ukutani ghalani. Mjomba alikuwa amewasimulia mara nyingi jinsi alivyomshikia bibi ncha ya kamba siku ya ugawaji: kamba kumi kwa urefu, kamba kumi kwa mapana, kwa kila binti. Kamba ya bibi ilikwisha kuoza zamani, lakini hilo halikumsumbua Martina. Maadamu ni kamba moja kwa mashamba yote mawili, itasema kama yanalingana.

Alianza chini. Alipigilia kijiti, akafunga ncha, akavuta kamba juu ya udongo, akahamisha kijiti. Shamba la mama yake lilitoka kamba kumi na hatua mbili kwa urefu, na kumi kasoro kidogo kwa mapana. Akapanda hadi juu kabisa, akaanza kupima akiteremka. Pale alilazimika kwenda kwa magoti na kushikilia mashina ya kabichi asiporomoke. Alikuwa amefika kamba ya sita aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma, mama mdogo. Shikamoo."

"Tovuti imechoka, sasa unatumia kamba?" Winfrida alisimama kwenye ukingo wa ngazi, jembe begani, na kutoka pale chini alionekana mrefu kama mti. "Toka shambani kwangu."

"Zimebaki nne tu."

Bonge la udongo lilimpiga Martina begani likapasuka. La pili lilipita. Hakusimama, akahesabu kwa sauti ili asipotee: saba, nane. La tatu lilimpata mgongoni, akaendelea. Tisa. Kumi, na ncha ya kamba ikagusa shina la isale la pembeni kabisa. Mapana nayo yalikuwa kumi. Yalikuwa masale makubwa, ya zamani, mizizi yake imeshika mawe. Hakuna mtu aliyewahi kuyagusa.

Basi mashamba yalilingana. Na tovuti anayoipenda kuliko zote ilisema hayalingani.

Alipanda kigongoni na udongo nywele nzima, akafungua simu. Kwa miaka minne alikuwa ameizunguka dunia kwa ramani ile. Alikuwa ametazama miji ambayo hatafika, visiwa visivyo na watu, mpaka ukingo wa jangwa. Hakuwahi hata siku moja kufungua ukurasa wa maelezo uliokuwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Sasa aliufungua na kuusoma polepole. Ulikuwa mrefu, na ulichokisema katika aya ya saba ni hiki: vipimo vyote huchukuliwa kana kwamba ardhi ni bapa, kupanda na kushuka kwa nchi hakuhesabiwi.

Martina aliisoma aya hiyo mara tatu. Chuoni, somo la kwanza kabisa walilofundishwa lilikuwa kumuuliza mwenye taarifa anapima nini kabla ya kumuamini. Alikuwa amelifaulu vizuri. Kisha akaja mlimani, penye watu wanaolima wamesimama kwa vidole vya miguu, akawapa rula inayodhani dunia nzima ni uwanja wa mpira, na akawaambia hiyo ndiyo haki.

Aliandika palepale kwenye kundi. Alieleza yote, akamaliza: "Nimekosea. Naomba mnisamehe."

Elia alijibu kabla Martina hajashuka. "Mama mkubwa kakupikia nini leo?"

"Sijala leo, kaka Elia. Soma aya ya saba."

"Jumapili ilikuwa haimpendelei mtu. Alhamisi imeanza kupendelea? Sisi tutaonana Jumamosi, sista. Mambo ya ramani haya, siyo porojo."

Mjomba aliweka ujumbe wa sauti wa sekunde nne. "Mimi herufi ndogo sizioni. Jumamosi."

Ndipo alipoelewa kwamba maneno yake yalikuwa yameisha. Alikuwa ameyatumia yote Jumapili.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa wote kwenye uwanja wa mjomba Tomasi. Nyumba yake ilikuwa imechimbiwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo mbele palikuwa uwanja bapa uliofagiliwa, na kando yake ukingo wa udongo uliopanda mwinamo mkali kama lile shamba la Winfrida. Kati ya uwanja na ukingo ulisimama mparachichi mkubwa. Elia alikuwa amekuja na pikipiki kutoka mjini, amevaa viatu vyeupe, mkononi ameshika jembe jipya lenye karatasi ya dukani bado kwenye bapa. Alilisimika katikati ya uwanja wote walione. Paskalia na Winfrida walikaa pande mbili, migongo imeelekeana nusu.

"Haya," mjomba alisema. "Anayedai aseme."

Elia akatoa simu, akaeleza. Alijua kusema. Alitaja robo tatu mara tano.

"Paskalia?"

"Mimi sina simu ya kupigia mashamba picha. Nina masale. Kayaulizeni."

"Masale hayasemi," Elia alisema, "ndiyo maana watu huyahamisha."

"Mtoto wewe, nilikubeba mgongoni!"

"Na shamba la mama yangu ukalibeba wapi?"

"Elia!" Mjomba aliinua fimbo. "Kijana usimpandishie mama yako mkubwa sauti hapa kwangu. Martina. Wewe ndiye uliyeanzisha moto. Sema."

Martina alisimama. Chini ya mkono alikuwa ameshika kanga mbili za mama yake, doti moja, zile za Pasaka. Alikuwa amezichukua sandukuni asubuhi ile bila kuomba.

"Hata kanga zangu?" Paskalia alisema taratibu. "Hata kanga?"

"Hizi ni doti moja," Martina alisema. " Kila mtu hapa anajua zinalingana." Alitandaza moja kwenye uwanja bapa, akaweka jiwe kila kona. Ya pili akaitandaza kwenye ukingo wa mwinamo, urefu wake ukielekea juu, akaikandamiza kwa mawe. "Kaka Elia, panda mparachichi. Simu yako, siyo yangu, ili usije ukasema nimechezea. Ielekeze chini kabisa, kama inayotoka angani. Piga zote mbili kwa pamoja."

"Mimi nimekuja kupanda miti?"

"Umekuja na jembe la kumng'olea mtu mpaka," mjomba alisema. "Mti utakushinda?"

Elia alipanda. Kiatu cheupe kiliteleza kwenye ukoga, akatukana kwa sauti ya chini, akafika kwenye tawi nene na kunyoosha mkono. Simu ikalia mlio wa kupiga picha. Alivuta picha kwa vidole, akaitazama karibu, akaitazama mbali.

"Unaona nini?" Martina aliuliza.

"Hii ya mwinamoni umeikata."

"Shuka uzipime."

Alishuka, akazibandua kanga zote mbili, akazilaza moja juu ya nyingine, na pembe nne zikakutana na pembe nne. Kwenye simu yake moja ilikuwa fupi kwa robo nzima. Winfrida alinyanyuka, akaipokonya simu, akatazama picha, akatazama kanga. Alirudia mara mbili kisha akaiachia simu mapajani mwa Elia aliyekuwa amechuchumaa, kama kitu kilichomchafua.

"Kwa hiyo huyo wa angani," mjomba alisema, "hajui kupanda mlima."

"Hakudanganya, mjomba. Anapima kivuli cha shamba jua likiwa utosini. Bibi alipima udongo. Yalikuwa maswali mawili, na mimi niliwaambia ni moja." Martina aliwageukia wote. "Wenye ramani walikwisha kuandika kwamba hawahesabu mwinuko. Niliwapeni kitu ambacho sikukisoma hadi mwisho. Kosa si la Elia wala si la mama yeyote hapa. Ni langu."

Pangeweza kuishia hapo. Lakini Paskalia alikuwa amelala siku tano na jina la mwizi, na sasa aliinuka, akaokota kanga zake, akazikung'uta usoni kwa dada yake vumbi likaruka.

"Umesikia, Winfrida? Mwizi yuko wapi? Nionyeshe mwizi!"

"Sikuhitaji simu mimi!" Winfrida alipiga kelele, na sauti ile haikuwa ya kesi tena. "Udongo sawa, haya, sawa. Na magoti? Aliyapima nani magoti? Miaka kumi na tisa nalima nimening'inia. Mvua ikija inakuteremshia wewe mbolea yangu. Na njia! Mama alikufa ikiwa wazi, inapita ubavuni mwako hadi barabarani, dakika kumi na mzigo. Ukaipanda njegere. Miaka sita, Paskalia! Miaka sita nabeba kabichi kwenda juu ili zishuke chini!"

"Mbuzi wako alikula karoti zangu!"

"Mbuzi yule ameliwa harusini tangu hapo! Amekufa! Njia bado imefungwa!"

Martina alilijua jambo hilo la njia. Alikuwa sekondari ya bweni ilipofungwa, na kila likizo alimwona mama yake mdogo akipanda kigongoni na tenga kichwani, akazunguka karibu saa nzima hadi lori. Aliona, akampa shikamoo, akapita kwenda kutafuta mtandao.

Mjomba alisafisha koo. "Masale yabaki yalipo. Ndilo nililoitiwa. Habari ya njia sikuitiwa leo."

"Lini basi?" Martina alisema. Wote waligeuka. Hakuwa amekusudia kusema. "Mama. Fungua njia."

Paskalia alimgeukia. "Nimekuzaa wewe?"

"Ndiyo, mama. Fungua njia."

Mama aliondoka na kanga zake bila kuaga. Winfrida naye aliondoka upande wake, na alipompita Martina alisema, "Usijifanye unanitetea." Elia aling'oa jembe lake ardhini. Kabla hajawasha pikipiki alibonyeza simu, na simu ya Martina ikatikisika mkononi: ameondolewa kwenye kundi la Uzao wa Bibi.

Jumapili hakupanda kigongoni. Alikaa kitandani na daftari la kijani, akataka kuifuta namba tano, akashindwa, kwa sababu bado aliipenda. Badala yake aliandika chini yake: "Itembelee ukitaka kuona kwenu kwa jicho la mgeni. Anza na ukurasa wa mwisho. Ukiona mashamba yenye mistari iliyosongamana, ujue huko kuna mtu amesimama wima kwa shida, na picha haimwoni." Hakuwa na wa kumtumia. Alilifunga.

Jumatatu nayo ilikuwa siku ya lori. Asubuhi Martina alipanda hadi shamba la juu akamkuta mama yake mdogo anajaza matenga.

"Sitaki huruma ya nyumba ile," Winfrida alisema.

"Sijaleta huruma. Nimeleta kichwa."

Winfrida alimtazama, akachagua tenga kubwa kuliko yote, akamtwika. Martina alihisi shingo ikizama mabegani. Wakaanza kupanda kuelekea kigongoni, yeye mbele, mama mdogo nyuma na lake, na barabara ikiwa chini kabisa nyuma yao, lori dogo kama kiberiti. Hatua ya ishirini mguu wake ulikanyaga jiwe legevu. Alipiga goti, tenga likainama, na kabichi tatu zikaruka, zikadunda ngazi hadi ngazi, zikavuka masale, zikaenda kusimama kwenye shamba la chini.

Paskalia alikuwa huko anapalilia. Alizitazama zile kabichi, kisha akatazama juu.

"Winfrida! Unamtumikisha mwanangu?"

"Amejileta!"

"Utamvunja shingo!"

"Yangu imevunjika miaka sita hujaiona!"

Sauti zao zilipanda na kushuka mlimani, na pale barabarani wapakizi waliacha kazi wakasikiliza. Martina alibaki amepiga goti, damu inamtoka kwenye ugoko, mikono miwili kwenye tenga. Alijaribu kusimama akashindwa, akajaribu tena akasimama, akageukia juu na kuinua mguu.

"Martina! Simama hapohapo!"

Alisimama. Kisha akasikia kitu kinachanika. Alipogeuka pole pole, ili mzigo usimshinde, alimwona mama yake ameinama ubavuni mwa shamba, anang'oa njegere. Hakuwa anavuna. Alizishika kwa vishada, na maua yake meupe, akazitupa kijitoni, mstari mmoja, wa pili, kwa hasira ya mtu anayemnyonyoa kuku aliyemchoka. Fito zilivunjika. Ardhi ya njia ikaanza kuonekana, nyembamba, bado ngumu chini ya udongo laini.

"Pita basi!" alipiga kelele bila kuinua uso. "Si unataka kupita? Pita! Ila usinisemeshe!"

"Sina la kukusemesha!" Winfrida alijibu, na alikuwa amekwisha kugeuka.

Wakashuka. Winfrida alitangulia, akavuka masale, akakanyaga njegere zilizolala njiani bila kuzikwepa. Paskalia alisimama pembeni anahema, mikono imejaa kijani. Dada yake alipofika usawa wake alipunguza mwendo, si kwa heshima, ila kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na mmoja wao hakutaka kusogea. Paskalia akainama, akaziokota zile kabichi tatu, akazitupia kwenye tenga lililokuwa kichwani mwa dada yake, moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kama anayempiga mtu mawe. Hakuna hata moja iliyoanguka nje.